Nyange Kaipata Wapi Randa Ile?

Benchi letu la hapa Tibirinzi, Chake, limetengenezwa na mafundi seremala watupu, na bado linayumba. Mguu mmoja mfupi. Timazi anasema ni mguu wa upande wangu, mie nasema ni wa upande wa Fahmi, na Fahmi anasema mguu hauna kosa, sakafu ndiyo mbovu. Nyange peke yake ndiye aliyekuwa kila akifika anainama, anachomeka kibanzi cha ubao chini ya ule mguu, kisha anakaa bila ya kumlaumu mtu. Tangu Jumamosi Nyange hajafika, na leo Jumatano, kwa hivyo kahawa ya Talib tunainywa tumeinamia upande mmoja. Tunakaa kwa mstari, nyuso barabarani: kofia kichwani, maranda nguoni, penseli sikioni kama fundi yeyote. Na wiki hii nzima hatukuwa na mazungumzo mengine. Tulikuwa na Nyange na randa yake tu.

Nikujuilishe na watu, usije ukapotea. Timazi jina lake ni Hafiz. Tumemwita Timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia ukuta, kwa sababu anamnyoosha kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Fahmi ni Redio, na redio yenyewe haizimwi. Mie ni Ame, wananiita Gundi, kwa vile nikikaa sibanduki. Talib ndiye mwenye mdila wa kahawa, na yeye hajui hata kushika nyundo, ndiyo maana roho yake imetulia.

Timazi ndiye aliyeanza, kama kawaida.

Timazi: Randa ile si chuma, nakwambieni. Ni makopo ya samli yameyeyushwa.

Fahmi: Makopo gani yakawa mazito vile?

Timazi: Wametia mchanga ndani.

Fahmi: Ndani wapi, yakhe? Randa ina ndani?

Timazi: Hujui weye. Siku hizi kila kitu kina ndani.

Mie: Mie niliishika Jumamosi ile alipotuwekea hapa benchini. Ni chuma. Na kwenye ule wembe wake unaziona hata nywele zako.

Nilisema hivyo, na kusema kwenyewe kuliniuma. Maana Nyange Jumamosi ile alikuja hapa karibu na magharibi, jasho linamtoka, furaha haimtoshi. Akafungua gunia. Akatoa randa, akatoa patasi, akatoa msumeno, akatoa keekee ya kutobolea ambayo hata mpini wake ulikuwa unang'ara. Akavipanga hapa kwenye benchi kimoja kimoja kama mtu anayepanga watoto wake kupiga picha. “Tazameni, yakhe! Vyote hivi kwa bei ya randa moja!” Sisi tukatazama. Timazi akakohoa. Fahmi akauliza kama mvua itanyesha. Mie nikamuomba Talib anizidishie kahawa, na kikombe changu kilikuwa kimejaa. Hata mabruki, ile hongera ya kitu kipya, hatukumpa. Akavirejesha guniani kimoja kimoja, taratibu, akaenda zake, na hajarudi.

Talib: Lakini si alivinunua kwenye yale maonesho ya mafundi kule Wete?

Timazi: Ndivyo anavyosema.

Talib: Na nyinyi kwa nini hamkwenda?

Fahmi: Tulikubaliana tusende.

Kweli tulikubaliana, na mwenye shauri nilikuwa mie. Zilipokuja habari kwamba wafanyabiashara kutoka bara wanaleta vyombo vya useremala, Alkhamis mpaka Jumamosi, nilisimama hapa nikatoa hotuba. Nikasema tukienda sote watatuona tuna njaa na watapandisha bei, bora tuwasusie. Timazi akaunga mkono kwa nguvu zote. Fahmi akaapa. Nyange peke yake alisema, tena kwa upole, “Mie siwezi kususa, randa yangu imekufa. Nitakwenda siku ya mwisho jioni.” Tukamcheka. Siku ya mwisho jioni? Atakuta nini, majani yaliyokanyagwa?

Timazi: Mie nakwambia hapana bei kama ile duniani. Yule muuzaji mwenye kipara hapunguzi hata umlilie. Anakutazama tu, huku anakula karanga.

Talib: We umemuona wapi?

Timazi: Mie? Nimehadithiwa.

Fahmi: Hilo kweli, la karanga. Na anakuwekea randa juu ya kitambaa chekundu, ukiigusa tu anakwambia ukigusa umenunua.

Talib: Na weye umejuaje?

Fahmi: Nimehadithiwa.

Nikapuliza kahawa iliyokwisha poa. Maana mie kile kitambaa chekundu nilikigusa kwa mkono wangu huu.

Sasa nikwambie weye, lakini usiwaambie hawa. Ijumaa ile baada ya sala nilimwambia mke wangu Rahila nakwenda kumtazama mgonjwa. Nikapanda gari ya Wete. Ile hotuba yote ya kususa niliitoa ili niende peke yangu, nichague kabla ya hawa, nipate kizuri kabla hakijashikwashikwa. Nikaipata randa. Nikabishana na yule mwenye kipara mpaka sauti ikanikauka, na hakunipunguzia hata nauli ya kurudi. Nikalipa bei yake yote, nikaona ushindi, nikaja nayo nimeifunga kwenye kanga. Nikaiweka chini ya kitanda nisubiri wiki mbili tatu, kisha nije kuwaambia nimeletewa na shemeji. Na kabla hata sijaitia ubao, Nyange anakuja kuniwekea hapa pacha wake, pamoja na patasi, pamoja na msumeno, pamoja na keekee, kwa pesa zile zile! Mie kulala silali. Nikilala naiona ile keekee.

Mie: Sikilizeni. Mtu hapewi vyombo vyote vile kwa bei ile ila kuna jambo.

Timazi: Ehee. Jambo gani?

Mie: Mie simsingizii mtu.

Fahmi: Juzi si ulisema vya wizi?

Mie: Nilisema *labda*. Weye ndiye uliyekwenda kulitembeza sokoni bila ya labda yake.

Fahmi: Sokoni nilisema kwa watu wawili tu.

Talib: Wawili wa hapa Chake? Basi umeshatangaza.

Timazi: Wizi hapana. Nyange kuku wa jirani akiingia uani kwake anamrudisha na mayai yake. Mie naona kaoa.

Fahmi: Kaoa nani?

Timazi: Binti wa muuzaji. Ndoa ya siri. Hivyo vyombo ni mahari, lakini yamekuja kinyumenyume.

Mie: Mkewe Asma asikie mumewe kaoa, ile keekee itamtoboa mwenyewe.

Timazi: Ndiyo maana haonekani kijiweni. Ana nyumba mbili sasa.

Fahmi: Mambo ya ndoa waachieni. Mie nnavyojua, Asma ndiye aliyefanya kazi. Kampikia mumewe mkate wa kumimina, kautia maneno, kampa akampelekee yule mwenye kipara. Mtu akila mkate ule hata duka anakuandikia.

Talib: Asma huyu huyu anayeniletea mkate wa kumimina kila Ijumaa?

Fahmi: Ndiye.

Talib: Mbona mie kahawa simpi bure mtu?

Fahmi: Basi kuna kubwa zaidi, na nilikuwa sitaki kulisema.

Redio akisema hataki kulisema, kaa vizuri.

Fahmi: Randa ile ina mwenyewe.

Timazi: Mwenyewe nani?

Fahmi: Mwenyewe asiyeonekana! Jana nimepita karakanani kwa Nyange. Ubao unarandwa, maranda yanatoka marefu, mepesi, yanajikunja kama tambi. Mkono wa binaadamu haufanyi vile. Nimechungulia: Nyange kakaa kitako anakunywa maji.

Mie: Na randa?

Fahmi: Randa ilikuwa imesimama.

Mie: Basi si ndiyo kapumzika!

Fahmi: Imesimama kwa sababu imeniona!

Timazi hata yeye alishindwa na hilo. Lakini hakuna aliyecheka sana, kwa sababu lile la maranda marefu lilituingia sote. Sisi mafundi tunajua maranda marefu mepesi maana yake nini. Maana yake wembe mzuri na mkono uliotulia. Donge la wivu likanipanda.

Na donge langu lilikuwa na mizizi mingine. Bi Ummkulthum, mjane wa upande wa juu, anamuoza binti yake Yumna, na anataka milango mipya ya nyumba. Mbao anazo mwenyewe, mninga, aliziweka marehemu mumewe darini miaka na miaka zikakauka mpaka zikilia ukizigonga. Mbao kama zile fundi anazipata mara moja katika maisha yake. Mie ndiye niliyemtengenezea Bi Ummkulthum kabati, mie ndiye niliyemtengenezea kitanda, na moyoni milango ile nilishaitundika zamani. Kisha jana nasikia kamwita Nyange akazitazame. Nyange! Kwa ajili ya randa!

Nilikuwa bado nalimeza hilo nikamuona Bi Ummkulthum mwenyewe anashuka njia, buibui lake jeusi, mkoba begani, anakuja moja kwa moja. Sote tukanyooka, na benchi likatuinamisha tena.

Bi Ummkulthum: Assalamu alaykum.

Sote: Wa alaykumu ssalam. Shikamoo, Bi.

Bi Ummkulthum: Marahaba, wanangu. Hapana, Ame, usininyanyukie, sikai. Nimekuja kuulizia jambo moja tu. Nyinyi ndio wenziwe Nyange.

Timazi: Ndiyo, Bi. Kama ndugu.

Bi Ummkulthum: Nimesikia sokoni kwamba vile vyombo vyake vipya ni vya wizi.

Fahmi akakitazama kikombe chake kama kimeandikwa kitu ndani.

Bi Ummkulthum: Na mie zile mbao nnazijua. Marehemu hakuziuza hata siku tulizolala na uji. Alikuwa anasema hizi ni milango ya Yumna. Siwezi kuzipitishia chombo cha haramu, halafu mwanangu aingie na kutoka mlango huo maisha yake yote. Kama ni vya wizi, Nyange nitamwambia basi, na kazi nitampa mwengine. Kama ni uongo, nataka niujue leo. Sasa niambieni nyinyi: kavipata vipi?

Ilikuwa zamu yangu kusema. Neno moja tu lilihitajika. Ningesema, “Bi, vile vyombo vimeuzwa kwenye maonesho, kwa haki, mie nimeviona kwa macho yangu pale kwenye kitambaa chekundu,” yakaisha. Lakini nikisema nimeviona, nimekwenda. Na nikinyamaza, mwengine atakayepewa kazi ni nani? Nilizihesabu zile mbao kichwani. Nikaona milango na Yumna anaingia, na mie nimesimama pembeni naambiwa mkono wako umebarikiwa, Fundi Ame.

Timazi: Ya ghaibu anayajua Mungu, Bi.

Fahmi: Watu wana maneno mengi, Bi.

Mie: Sisi hatuwezi kusema, Bi. Hatukwenda.

Bi Ummkulthum: Hamkwenda maonesho?

Mie: Tulikubaliana tusende.

Bi Ummkulthum: Hata mmoja wenu?

Mie: Hata mmoja, walla...

Likanikwama. Kila siku nnaliapa lile neno kwa kahawa, kwa bao, kwa bei ya pweza, na leo limekwama. Nikakohoa kama limepita.

Bi Ummkulthum alitutazama. Alianza kwa Timazi, akaja kwangu, akaenda kwa Fahmi, kisha akarudi tena kwa Timazi, polepole, kama mtu anayechagua nazi. Nikadhani ananitazama kofia, nikaiweka sawa.

Bi Ummkulthum: Natoka kwa Nyange saa hii. Nilimuuliza mwenyewe, usoni. Hakukasirika. Kaniambia alikwenda Jumamosi baada ya alasiri, na wale watu walikuwa wanafunga vitu waiwahi meli. Makasha yao yalikuwa yamepasuka kwa kufunguliwafunguliwa, wamehangaika. Yeye ana nyundo yake, akawagongea. Kasha baada ya kasha, mpaka la mwisho. Na yale makasha yakawa hayatoshi, na chuma kurudisha kwa meli ni mzigo. Yule bwana mwenye kipara akamwambia chukua hivi vilivyobaki, nipe bei ya kimoja.

Talib: Si mnaona!

Timazi: Sasa Talib wewe nani kakuuliza?

Bi Ummkulthum: Nikamwambia, Nyange, una ushahidi gani? Akasema hana karatasi, ana hii tu.

Akaingiza mkono mkobani, akatoa penseli. Ile penseli bapa ya useremala, ya kijani, mpya, ina mstari mweupe karibu na ncha.

Bi Ummkulthum: Kaniambia pale kila aliyenunua chombo alipewa moja kama hii. Asiyenunua hapewi, hata aombe. Nikamwambia niazime, kuna watu nataka nikawaoneshe.

Mie nikaiangalia ile penseli mkononi mwake, na nakwambia kweli, kwa muda mdogo nilikuwa nafikiri tu kwamba ni nzuri, na kwamba yangu ni kama hiyo hiyo. Yangu. Seremala penseli haijui iko wapi. Ipo sikioni kama sikio lenyewe. Unaamka unaiweka, unalala unaitoa. Nani anaifikiria?

Bi Ummkulthum: Basi suali langu ni dogo. Hizo za masikioni mwenu, nyinyi mlipewa kwa kununua nini?

Mkono wangu ulikwenda sikioni wenyewe. Nikasikia nguo za Timazi zinachakacha, na wake unapanda. Nikageuka kulia: Timazi, ya kijani, mstari mweupe. Nikageuka kushoto: Fahmi, ya kijani, mstari mweupe, tena yake keshaichonga. Watu tunaokaa bega kwa bega kila siku iliyojaaliwa, na kila mmoja alikuwa anamtazama mwenziwe usoni apate kumjua kama amejua, wala hakutazama sikio. Talib akaweka mdila chini apate kucheka vizuri.

Bi Ummkulthum: Nimeridhika. Nilikuwa natafuta shahidi mmoja, Mungu kanipa benchi zima.

Timazi: Bi, sisi... mie nilikwenda kutazama tu, Alkhamis...

Bi Ummkulthum: Usijieleze, mwanangu. Milango ya Yumna atatengeneza Nyange. Nnakwenda kumwambia sasa, na nitamrejeshea penseli yake. Kuna mtu ana salamu?

Ingekuwa vizuri mtu mmoja angesema, “Mpe mabruki.” Neno lilikuwa liko hapo hapo, la bure. Timazi alitazama viatu vyake. Fahmi, Redio yetu, leo ndipo nilipojua kwamba ina pahala pa kuzimia. Bi Ummkulthum akatungoja kidogo, akajifunga mtandio wake vizuri, akaaga, akashika njia ya kwa Nyange.

Talib: Haya, wazee. Alkhamis nani, Ijumaa nani?

Timazi: Alkhamis mie. Patasi. Na msumeno. Bei kamili. Nimevificha kwa mama.

Mie: Ijumaa. Randa.

Timazi: Kamili?

Mie: Kamili.

Fahmi hakusema siku yake. Akawa anaizungusha ile penseli iliyochongwa baina ya vidole, anatazama barabara. Lakini Alkhamis ilikuwa ya Timazi, na Ijumaa ilikuwa yangu, na Jumamosi jioni ilikuwa ya Nyange. Hesabu hiyo hata Talib anaiweza. Nilipaswa nione haya, najua. Nilipaswa nimfikirie Nyange, jina lake lililozungushwa sokoni kwa mdomo wangu mie, na nichukue kibanzi nikamuombe radhi. Nitakwenda, inshallah. Lakini wakati ule pale benchini haya ilinipanda nusu tu, kisha ikapitwa na jambo jengine lililokuwa na haraka zaidi.

Mie: Fahmi, yakhe.

Fahmi: Naam.

Mie: Weye ulikwenda Jumamosi asubuhi.

Fahmi: Nani kakwambia?

Mie: Walikuwa washaanza kupunguza?

Fahmi akanyanyua kikombe, kikombe kitupu, akakinywa mpaka mwisho, na pembeni mwa mdomo wake nikaona kitu kidogo kinataka kucheka. Na wallahi, hili nnaliapa na halinikwami, mpaka saa hii kicheko kile kinaniuma kuliko milango ya mninga.